Martin Bowes: sonara aliyeijua fedha safi, akaichakachua ya nchi

Sarafu ya shilingi ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza ilikuwa na mahali pamoja palipoitoa siri yake hadharani: pua. Uso wa mfalme ulichongwa ukitazama mbele, kwa hiyo pua ndiyo iliyotokeza kuliko kitu kingine chochote juu ya sarafu ile. Ikipita mikononi sokoni, ikigongana na wenzake mfukoni, ikitupwa mezani kwa muuza bia, pua ndiyo iliyotangulia kulika. Na ilipolika, chini ya ngozi nyeupe ya fedha ikatokeza shaba, nyekundu kama ilivyo. Waingereza wakampa mfalme wao jina la utani: Mzee Pua ya Shaba.

Weupe ule ulikuwa kazi ya fundi. Ukiyeyusha fedha na shaba pamoja, nusu kwa nusu, ukamwaga, ukafua na kukata vipande, unapata kitu chenye wekundu ambacho hakuna muuza samaki atakayekipokea akidhani ni fedha. Lakini ukivipasha moto vipande hivyo, kisha ukavitumbukiza kwenye maji makali ya kusafishia madini, shaba ya juu juu inaliwa na kuondoka, fedha inabaki usoni. Hapo ndipo unapiga sura ya mfalme kwa nyundo. Sarafu inatoka inang'aa, na itaendelea kung'aa mpaka watu watakapoishika mara za kutosha.

Mmoja wa wasimamizi wakuu wa kazi hiyo ndani ya ngome ya Mnara wa London, tena kwa miaka mingi, aliitwa Martin Bowes. Alikuwa sonara. Alikuwa pia diwani, sherifu, meya wa London na mbunge wa jiji hilo.

Ninamwandika Bowes kwa sababu ya hoja ninayoisikia kila uchaguzi unapokaribia: tuachane na wanasiasa wa maneno, tuwape madaraka watu wenye fani zao, watu walioshika kazi kwa mikono. Nimeiamini hoja hiyo muda mrefu. Inavutia kwa sababu fundi ana kipimo. Mwanasiasa anaweza kukuambia barabara imekamilika na mvua ikaonyesha vingine. Seremala hawezi kukuambia mlango umekaa sawa huku haufungi. Basi mtazame mtu ambaye fani yake yote ilikuwa kipimo, aliyefika juu kabisa akiwa na kipimo hicho mkononi, halafu tuone kilimsaidia nini yeye, na kiliisaidia nini nchi.

Bowes alizaliwa York, kaskazini mwa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1490, katika ukoo uliokuwa umewahi kumtoa meya wa mji huo. Akiwa kijana mdogo alipelekwa London kujifunza usonara kwa Robert Amadas. Hakupelekwa kibandani. Amadas alikuwa miongoni mwa masonara wakubwa wa zama zake, fundi wa mfalme na wa Kardinali Wolsey, mtu mwenye mguu mmoja karakana na mwingine ikulu, na baadaye ndiye aliyekabidhiwa hazina ya vito vya mfalme. Mwanafunzi wa fundi wa namna hiyo hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Anajifunza kazi, na anajifunza mlango wa kuingilia kwa wakubwa.

Kazi yenyewe nitaieleza kidogo, maana bila hiyo habari nyingine zote hazina uzito. Waliokulia pwani wanalijua jiwe jeusi la sonara: unasugua pete juu yake, inaacha mstari, unalinganisha rangi ya mstari huo na mistari ya dhahabu unayoijua. Masonara wa London walikuwa na jiwe la aina hiyo hiyo. Ila kwa kipimo cha uhakika walitumia moto. Walikwangua punje ndogo kutoka kwenye chombo, wakaipima kwa mizani nyeti, wakaifunga na madini laini ya risasi, wakaiweka katika kikombe kidogo kilichotengenezwa kwa majivu ya mifupa na kuiingiza tanuruni. Risasi huyeyuka ikabeba shaba na uchafu wote, na kikombe kikaunywa. Kinachobaki mwisho ni tone la fedha tupu. Unalipima tena. Tofauti ya uzito wa kwanza na wa pili ndiyo kiasi cha uongo kilichokuwa ndani ya chombo.

Kipimo hicho kilikuwa sheria. Tangu mwaka 1300, chombo cha fedha London kilitakiwa kuwa na fedha sehemu 925 kati ya 1,000, sawa na sarafu, na kupigwa chapa ya kichwa cha chui. Mwaka 1363 ikaongezwa alama ya fundi mwenyewe. Mwaka 1478 ikaja herufi ya mwaka, ili chombo kikigundulika kuwa kibovu ijulikane ni mpimaji gani aliyekipitisha. Chama cha Masonara kilikuwa na jumba lake, na viongozi wake waliruhusiwa kuingia karakana ya mwenzao, kuchukua chombo, kukipima, na kukivunja kikiwa hakifai. Hivyo ndivyo Bowes alivyolelewa: katika fani ambayo kuchanganya shaba kupita kiasi ni aibu ya kuvunjiwa chombo mbele ya watu.

Chama kilikuwa pia ngazi ya siasa. London ya wakati ule mtu hakuwa mwananchi kamili wa jiji bila kupitia chama cha fani. Ukishamaliza uanagenzi unapokelewa chamani, chama kinakupa haki ya uraia wa jiji, na ukitajirika unaanza kupanda. Juu kabisa walikaa madiwani wakuu, mmoja kwa kila kata, na aghalabu walikikalia kiti hicho hadi kufa. Meya alitoka miongoni mwao, na kwa desturi ilimpasa awe mtu wa vyama vikubwa 12. Masonara walikuwa wa tano katika safu hiyo. Bowes aliipanda ngazi bila kuteleza: diwani mwaka 1536, sherifu mwaka 1540, akatunukiwa cheo cha Sir, meya kuanzia Oktoba 1545. Bungeni aliiwakilisha London tangu enzi ya Mfalme Edward VI, ya Malkia Mary, hadi ya Elizabeth I. Tawala tatu, na dini ya taifa ikigeuzwa kila mara, na yeye yupo.

Lakini utajiri wake haukutoka kwenye vikombe na mikufu. Ulitoka kwenye kiwanda cha sarafu.

Kiwanda hicho kilikuwa ndani ya Mnara wa London, kimebanwa kati ya kuta zake. Bowes aliingia huko akiwa bado kijana, na kuanzia mwaka 1533 yeye na sonara mwenzake Ralph Rowlett ndio walioendesha kazi ya kufua sarafu za mfalme. Miaka michache baadaye watawa wa Uingereza wakaanza kufukuzwa kwenye nyumba zao, na vyombo vya altare vya karne nyingi vikawa vinaingia hazina ya mfalme kwa magunia. Vingi viliishia kwenye moto wa kiwanda. Mtu aliyefundishwa kutengeneza kikombe cha misa akawa anasimamia tanuru la kukiyeyusha.

Halafu ikaja vita. Henry VIII, mzee, mgonjwa wa miguu, aliutaka ushindi mmoja wa mwisho Ufaransa. Akauteka mji wa Boulogne Septemba 1544. Kodi haikutosha, ardhi ya watawa ilikuwa inauzwa, mikopo ya ng'ambo, mjini Antwerp, ilikuwa ghali. Ikabaki sarafu. Mwaka 1542 ilishatolewa amri ya siri ya kupunguza fedha ndani ya sarafu, na sarafu hizo zikawekwa kando. Mwaka 1544 jambo likawa wazi: fedha robo tatu tu, iliyobaki shaba. Mwaka 1545 ikawa nusu. Mwaka 1546 ikawa theluthi moja. Mchovya asali hachovyi mara moja. Henry alikufa Januari 1547, na wazee waliomlea mwanawe mtoto, Edward VI, nao wakaendelea kuchovya, hadi mwaka 1551 zilipotoka sarafu zenye robo tu ya fedha. Kwa jumla, Taji, yaani serikali ya mfalme, lilijipatia zaidi ya pauni milioni 1 kwa njia hiyo. Na Boulogne yenyewe ikarudishwa kwa Wafaransa mwaka 1550.

Katika mwaka ule ule wa 1544 lilitokea jambo jingine London, na kwangu mimi ndilo kiini cha habari yote hii. Vyombo vya fedha vya London vilianza kupigwa chapa mpya: simba anayetembea. Hadi hapo chombo na sarafu vilikuwa fedha ya aina moja. Ungeweza kuyeyusha shilingi ukatengeneza kijiko, ukayeyusha kijiko ukapata shilingi. Sasa sarafu imechakachuliwa, na anayenunua kijiko lazima ahakikishiwe kwamba kijiko chake hakikutokana nayo. Simba alikuwa anasema: hiki bado ni fedha ya kweli.

Lugha yetu ina neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa, na neno hilo moja linabeba imani kwamba vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. Mwaka 1544 London ililikata neno hilo katikati. Mezani kwa tajiri ilibaki fedha. Mfukoni mwa kibarua ikabaki pesa. Na mtu aliyesimama pande zote mbili za mkato huo, mkubwa katika Chama cha Masonara na msimamizi katika kiwanda cha sarafu, alikuwa Martin Bowes. Hakuna anayeweza kusema hakujua. Alikuwa miongoni mwa watu wachache kabisa nchini waliojua kwa uzito wa punje.

Mtu atauliza, na ukaguzi je? Ulikuwepo, na huu ndio unaonisumbua kuliko yote. Kwa karne kadhaa Uingereza ilikuwa na utaratibu wa kuweka kando sarafu chache kutoka kila kundi lililofuliwa, ndani ya sanduku lililofungwa, kisha baraza la masonara likaapishwa kuzipima mbele ya wakubwa wa serikali. Ni utaratibu mzuri, na upo mpaka leo. Lakini baraza lile lilikuwa linapima kitu kimoja tu: je, sarafu inalingana na mkataba kati ya mfalme na kiwanda chake? Mkataba ukisema theluthi, basi sarafu yenye theluthi imefaulu. Sarafu mbovu ilipimwa kwa uaminifu mkubwa na ikaonekana ni mbovu kwa kiwango sahihi. Ukaguzi ulifanya kazi yake barabara huku nchi ikiibiwa.

Ndiyo, nimeandika kuibiwa, na sitalirudisha neno hilo. Mshahara wa mtu ulihesabiwa kwa peni na shilingi. Alipewa idadi ile ile, lakini ndani yake mna fedha nusu, kisha theluthi. Wenye maduka walijua upesi, bei zikapanda. Wenye sarafu za zamani wakazificha au kuzipeleka ng'ambo, wakatumia mbovu. Kibarua hakuwa na ya kuficha. Mwaka 1549 Hugh Latimer, aliyewahi kuwa askofu, alipanda mimbarani mbele ya Mfalme Edward mwenyewe akaisema shilingi mpya kwamba ni kadogo, kazuri, na kwamba yake alinusura aitoe akidhani ni sarafu ya zamani ya peni 4. Kisha akayakumbusha maneno ya Isaya juu ya mji ambao fedha yake imekuwa takataka na divai yake imetiwa maji. Kulikuwa na waliosema mahubiri hayo ni ya uchochezi. Latimer hakuwa na jiwe wala tanuru la kupimia. Alikuwa na shilingi moja mfukoni na macho ya kuitazama.

Wahenga wetu walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Bowes hakungoja sifa, alingoja amri. Na hapo ndipo watetezi wake wanaposimama, nami nitawasikiliza kwa haki. Amri ilitoka kwa mfalme aliyewakata vichwa wake zake wawili na mawaziri wake. Kiwanda kilikuwa mali ya Taji, msimamizi alikuwa mtumishi. Angekataa, kazi ingefanywa na mwingine, pengine mbaya zaidi. Na wabaya zaidi walikuwepo kweli: William Sharington, msimamizi wa kiwanda cha Bristol, alikamatwa mwaka 1549 akakiri kughushi hesabu na kujinufaisha kwa sarafu mbovu, akiwa pia amefungamana na njama za Thomas Seymour, mjomba wa mfalme. Ukimweka Bowes kando ya Sharington, Bowes anaonekana mtumishi mwadilifu.

Utetezi huo ungenishika kama si jambo lililotokea ndani ya kuta zile zile za Mnara, kiangazi cha mwaka 1546, Bowes akiwa meya.

Anne Askew alikuwa mwanamke wa ukoo wa heshima kutoka Lincolnshire, na umri wake haukuzidi sana miaka 25. Alikataa kukiri kwamba mkate wa misa hugeuka mwili wa Kristo. Juni mwaka huo alihukumiwa kifo katika jumba la jiji la London, kisha akapelekwa Mnarani ili awataje wanawake wa ikulu wanaomuunga mkono. Akafungwa kwenye mashine ya kunyoosha viungo. Mkuu wa Mnara, Anthony Knyvet, alisimamia kamba zilipovutwa mara ya kwanza. Thomas Wriothesley, Mkuu wa Sheria wa mfalme, akamwamuru aendelee. Knyvet akakataa. Kwa maelezo yaliyoandikwa na Waprotestanti wa kizazi hicho, Wriothesley na mwenzake Richard Rich walivua majoho yao wakaizungusha mashine kwa mikono yao wenyewe, na Knyvet akashuka mtoni, akapanda mashua, akawawahi kufika kwa mfalme ili aombe radhi kwa kukaidi. Mfalme akamsamehe.

Kumbuka jina la Wriothesley. Ndiye aliyeandika mwaka uliotangulia kwamba kiwanda cha sarafu ndicho nanga yao takatifu. Watu wale wale, jengo lile lile. Upande mmoja wa ukuta fedha ilikuwa ikinyooshwa kwa nyundo iwe sarafu ya theluthi. Upande mwingine mwanamke ananyooshwa mpaka viungo vikaachana. Na ndani ya jengo hilo mtu mmoja mwenye cheo na familia ya kulinda alipata neno la kusema: hapana, zaidi ya hapa sifanyi. Akabaki hai.

Julai 16, Anne alibebwa kwa kiti hadi uwanja wa Smithfield kwa sababu miguu ilikuwa haimbebi tena. Wanaume watatu walichomwa pamoja naye. Wakubwa walikaa kwenye benchi chini ya kanisa la Mtakatifu Bartholomew, Wriothesley akiwa mmoja wao, na meya naye. Wakamletea msamaha wa maandishi iwapo atakana imani yake, hakuutazama. Kwa simulizi hizo hizo, meya ndiye aliyeamuru moto uwashwe, na alipaza sauti kwa Kilatini, maneno mawili: *Fiat justitia*. Haki itendeke. Meya yule alikuwa Martin Bowes.

Sisemi alifurahi. Meya wa London alikuwa na wajibu wa kuwepo pale, na maneno yale yalikuwa ya desturi. Ninachosema ni kwamba ndiyo mazoea yake yale yale: jambo limeandikwa, limetiwa muhuri, linalingana na mkataba, basi limefaulu mtihani.

Kuna habari ndogo inayoniuma kwa namna yake. Kanisa la watawa wa Greyfriars lilikuwa mahali pa maziko ya wakubwa kwa karne mbili na zaidi. Malkia walilala pale, akiwemo Isabella, mke wa Edward II. Watawa walipoondolewa, kanisa likapewa jiji. John Stow, aliyeizunguka London kwa miguu maisha yake yote akiandika kila alichokiona, ameacha hesabu: makaburi 10 ya alabasta na marumaru yaliyozungushiwa nondo za chuma, pamoja na mawe ya kaburi 140 ya marumaru, yote yakang'olewa na kuuzwa na Sir Martin Bowes, sonara na diwani, kwa pauni 50 au karibu na hapo. Piga hesabu, pauni moja ikiwa peni 240. Vipande 150 kwa pauni 50 ni wastani wa peni 80 kila kimoja, malipo ya mwashi wa London kwa siku 10 hivi. Hiyo ndiyo bei ya malkia.

Na mtu huyu huyu alikuwa na kanisa ambalo hakutaka liguswe. Huko York, serikali ya Edward VI iliruhusu mji ufunge makanisa yasiyojiweza na kuyaunganisha. Kanisa la Mtakatifu Cuthbert lilikuwa kwenye hatari, na ndani yake walizikwa watu wa ukoo wa Bowes. Akaandika York, akaomba, kanisa likaachwa. Mwaka 1549 akautumia mji huo zawadi ya upanga wa heshima wa kubebwa mbele ya meya wake. Upanga huo bado uko York, unaitwa kwa jina lake. Sidhani huo ni unafiki, na sitaki msomaji aone hivyo. Naona mtu aliyejua vizuri kabisa kaburi ni kitu gani. Alijua thamani ya jiwe kama alivyojua thamani ya fedha. Kujua hakukumpungukia hata siku moja.

Alipoondoka kiwandani, mwanzoni mwa miaka ya 1550, hesabu zilionyesha anadaiwa na Taji pauni 10,000. Mwashi tuliyemtaja, akipata peni 8 kwa siku na kufanya kazi siku 250 kwa mwaka, angehitaji miaka 1,200 kuzipata. Bowes alikubali kulipa, akasamehewa mengineyo, akapewa na pensheni. Hakufilisika. Alikuwa na ardhi Kent, alikuwa na kiti chake miongoni mwa madiwani, na aliendelea kurudishwa bungeni.

Julai 1551 serikali ilitangaza kwamba shilingi ya peni 12 sasa ni peni 9. Mwezi uliofuata ikawa peni 6. Fikiria uliuza ng'ombe mwezi Juni. Kazi ya kuirudisha sarafu yote kwenye fedha ya kweli ilimngoja Elizabeth, aliyeianza Septemba 1560. Sarafu mbovu zilikusanywa na kuyeyushwa, wasafishaji wakaletwa kutoka Antwerp. Zilizokuwa bado mitaani zikapigwa alama za kuzitenganisha: shilingi mbovu zilizokuwa afadhali zilipigwa lango la ngome, zihesabike peni 4 na nusu, zilizokuwa mbovu kabisa zilipigwa mbwa wa kuwindia, zihesabike peni 2 na robo. Miaka 16 baada ya simba kuanza kuuapia ukweli wa vijiko vya matajiri, sarafu ya mnyonge nayo ikapata mnyama wake, wa kutangaza uongo uliokuwa ndani yake.

Hapo ndipo nilipobadili mawazo yangu juu ya mafundi na madaraka. Nilikuwa nadhani fundi anaingia na kipimo chake serikalini na kipimo kinaibadilisha serikali. Bowes ananionyesha kwamba mkubwa mwenye nia ya kuchakachua anamhitaji fundi kuliko mtu mwingine yeyote. Mfalme peke yake asingeweza kuitoa fedha theluthi ing'ae kama fedha kamili. Wriothesley hakujua kuchanganya madini. Latimer angeitengeneza sarafu ile, ingekuwa nyekundu tangu siku ya kwanza na mtu asingeipokea. Ni ujuzi wa miaka 30 uliovika shaba ngozi nyeupe. Kwa hiyo siku hizi, nikiambiwa mgombea fulani ni mtaalamu aliyebobea, swali langu ni lile la Knyvet pale kwenye kamba: amewahi kukataa nini, na kilimgharimu nini? Jibu likiwa hakuna, vyeti vyake vinanitia wasiwasi zaidi kadiri vinavyoongezeka.

Bowes alikufa Agosti 1566, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Mary Woolnoth, mtaa wa Lombard, katikati ya masonara wenzake. Aliacha fedha za kutunza nyumba za maskini huko Woolwich, na Chama cha Masonara kikazisimamia. Lakini zawadi yake inayotazamwa zaidi alikuwa ameitoa mapema, mwaka 1561, wakati sarafu mbovu za nchi zilipokuwa zikiteketea tanuruni. Ni kikombe kirefu chenye mfuniko, cha fedha iliyochovywa dhahabu, na mwilini mwake kimewekwa bilauri ya mwamba, angavu kama maji. Chama kinacho mpaka leo. Chapa zake zinasema kilipimwa London mwaka 1554, ulipokuwa mwaka wa tatu tangu sarafu ya nchi ishuke hadi robo, na fedha yake ni ile ya sheria ya zamani, sehemu 925 kati ya 1,000.